Dola kumi, tagi ya elki na wasiwasi wa mama watoto: jibu kwa ndugu wa Louisville

Ndugu yangu wa Louisville, asante kwa swali, nimelisoma mara mbili maana ndani yake kuna maswali kama manne hivi. Kwa faida ya wengine nalifupisha: unapiga zamu ya usiku ghalani, mwenzako wa kazi Mmarekani amekwambia utoe dola 10 uingie kwenye bahati nasibu ya jimbo letu la Kentucky ya kuwinda elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ukipata unapiga mnyama mmoja friza inajaa. Mama watoto kusikia neno loteri akasema hiyo ni kamari na haiingii kwenye nyumba hii. Wewe mwenyewe ulikuja kama mkimbizi, una grini kadi, bado hujawa raia, na unaogopa kugusa bunduki isije ikaharibu makaratasi. Na kijana wako wa miaka 14 anataka kwenda na wewe. Sasa unauliza ujaze au uache.

Jaza. Lakini subiri nikueleze kwa nini, na uanzie wapi, maana nimewaona ndugu zetu wengi wanaanzia mwisho, wananunua bunduki kwanza halafu ndio wanauliza.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Wengi wetu tukisikia elki tunafikiria wale kulungu wanaovuka barabara usiku na kuvunja magari ya watu, hapana, huyu ni mwingine kabisa. Elki dume mkubwa anafika kilo 320 na kupita, jike kama kilo 225, yaani kwa anayejua wanyama wa kwetu ni mzito kuliko tandala mkubwa ingawa hafiki kwa pofu. Mwezi wa tisa dume analia kwa sauti nyembamba ndefu kama filimbi, ukiisikia asubuhi kwenye ukungu wa milima ya mashariki huisahau. Zamani walikuwa wamejaa Kentucky nzima, ndio maana ukitoka Lexington kwenda Frankfort unavuka kijito kinaitwa Elkhorn, maana yake pembe ya elki. Watu wakawapiga bila hesabu, misitu ikafyekwa, kufika katikati ya karne ya 19 hakubaki hata mmoja. Jina la kijito likabaki, mnyama akaisha.

Tarehe 17 Desemba 1997 wakaletwa elki saba kutoka Kansas wakafunguliwa kaunti ya Perry, huko milimani karibu na mji wa Hazard, na watu maelfu walikuja kwenye baridi ile kuangalia tu mlango wa trela ukifunguliwa. Kuanzia hapo mpaka 2002 wakaletwa zaidi ya 1,500, kutoka Utah, Kansas, Oregon, North Dakota, Arizona na New Mexico. Wakawekwa kwenye kaunti 16 za kusini mashariki, sehemu ya makaa ya mawe, ambako makampuni yalikuwa yamekata vilele vya milima kuchimba makaa halafu yakapanda majani juu yake. Yale majani ndiyo yakawa malisho. Baridi ya huku si kali kama ya Montana, mbwa mwitu hakuna, elki wakazaana vizuri, leo wako zaidi ya 10,000 na hakuna kundi kubwa kama hili kokote mashariki ya mto Mississippi. Uwindaji ukafunguliwa 2001 kwa vibali vichache sana, havikufika hata 20.

Nimekuelezea historia yote hiyo sababu ndiyo jibu la mama watoto. Kamari ni pale watu wanaweka pesa mezani, mmoja anazoa ya wote na mwenye meza anakula faida. Hapa hakuna anayezoa pesa. Kuna wanyama ambao kwa sheria ya huku si mali ya tajiri wala ya mwenye shamba wanalolala, ni mali ya wananchi wa jimbo wote, na wataalamu wanahesabu kila mwaka wangapi wanaweza kuvunwa kundi lisipungue vibaya. Miaka ya karibuni vibali vya umma vimekuwa 594. Wanaovitaka ni maelfu kwa maelfu. Sasa utagawaje? Ukiuza kwa mnada watachukua matajiri peke yao, ukigawa kwa kujuana watachukua watoto wa wakubwa, ukisema wa kwanza ndiye apate basi atapata mwenye intaneti ya kasi na asiye na zamu ya usiku. Wakaona bora kupiga kura. Kompyuta ya serikali inachagua majina bila kuangalia mtu, la daktari wa Lexington na la mpakia mizigo wa Louisville yana uzito uleule. Mwambie mama kwamba hata mitume walipiga kura kumpata Mathiya aliyeshika nafasi ya Yuda, na hakuna aliyesema wamecheza kamari. Hii iko karibu zaidi na ile bahati nasibu ya viza, ya DV, ambayo majirani zetu wengi walijaza wakiwa Nairobi au Dar na wala hawakuhisi wametenda dhambi.

Na zile dola 10 ambazo hazirudi, ujue zinakwenda wapi. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky haiendeshwi na kodi ya kawaida ya jimbo, inaishi kwa leseni, vibali na ile kodi ya shirikisho ya asilimia 11 inayowekwa kwenye bunduki ndefu na risasi tangu sheria ya 1937, pesa ambayo majimbo yanagawiwa kwa kuangalia ukubwa wa ardhi na idadi ya wenye leseni za uwindaji. Kwa hiyo hata usipopata tagi, yaani kibali chenyewe, miaka 10, umelipia daktari wa wanyama, umelipia mtu anayehesabu ndama, umelipia nyasi. Mimi nimekulia karibu na msitu wa Itombwe, kule Kivu, Kongo, wazee walikuwa wanatutajia majina ya wanyama ambao sisi hatukuwahi kuwaona, vita viliingia, kila mwenye bunduki alipiga anachotaka, basi. Kenya wao waliamua kufunga uwindaji kabisa 1977, Tanzania wana vitalu ambavyo mgeni analipa pesa nyingi kweli. Huku mtu kama wewe unaingia kwa dola 10. Mimi hili jambo linanigusa sana na ndio sababu nakaa kuandika marefu hivi.

Haya, kujaza kwenyewe. Dirisha linafunguliwa tarehe 1 Januari na linafungwa tarehe 30 Aprili usiku wa manane, saa za mashariki. Unajaza kwenye tovuti ya idara, unafungua akaunti yako, utaulizwa namba ya soshosekyuriti na hiyo ni ya kawaida, sheria ya shirikisho inataka hivyo kwenye leseni zote za aina hii. Huhitaji kuwa na leseni ya uwindaji kwanza ndio uombe, hiyo inakuja baadaye ukipata. Kujaza mapema Januari au kujaza siku ya mwisho hakubadilishi nafasi yako hata kidogo, ila kunabadilisha kusahau, mimi mwaka mmoja nilisema nitajaza kesho kesho mpaka nikakuta tarehe 2 Mei.

Utakuta droo, yaani kura, za aina tofauti na kila moja ina dola 10 zake. Ipo ya dume kwa bunduki, ipo ya jike kwa bunduki, ipo ya upinde na krosboo, ule upinde wenye kitako kama bunduki, ambayo ukiipata unaruhusiwa kupiga dume au jike, na ipo ya watoto wenye miaka 15 kwenda chini. Kwa zile 594 mgawanyo umekuwa 150 za dume, 244 za jike, 175 za upinde, na 25 za watoto. Unaweza kuingia kwenye zaidi ya moja lakini utachaguliwa moja tu, na kila moja unaingia mara moja, hakuna kununua tiketi 50 kama ile loteri ya petrol stesheni. Hapo ndipo utofauti na kamari unaonekana wazi, mwenye dola 1,000 hawezi kujiongezea nafasi.

Sasa uchague ipi? Kila mtu anataka dume sababu ya pembe za kutundika ukutani. Wewe umeniambia unataka nyama. Basi weka dola 10 kwenye jike kabla ya kitu chochote, vibali vyake ni vingi na waombaji wake ni wachache kuliko wa dume, na nyama ya jike ni laini kuliko ya dume aliyekuwa anapigana mwezi mzima kugombea wake. Kama una upinde au unapenda kujifunza, ongeza ya upinde. Ya dume weka ukiwa na dola 10 ambazo hazikuumizi. Na kijana wako wa miaka 14 muingize kwenye ya watoto mwaka huu, usingoje, maana akitimiza 16 mlango ule umefungwa moja kwa moja.

Nikuambie ukweli kuhusu nafasi, sitaki ujaze leo halafu uanze kutafuta friza. Tuchukue mfano, tuseme kwenye droo fulani kuna watu 200 kwa kila kibali. Watu wanafikiri basi nikijaza miaka 20 nitakuwa nimefika karibu. Piga hesabu vizuri: ukijaza miaka 20 mfululizo nafasi ya kupata angalau mara moja ni kama asilimia 9 na nusu tu. Ikiwa ni watu 60 kwa kibali, miaka 20 inakupa kama asilimia 28 na nusu. Sababu ni kwamba Kentucky haina pointi. Nenda Colorado, ukikosa mwaka huu unawekewa pointi, na mwenye pointi nyingi anatangulia mbele ya wengine. Pennsylvania nao wana pointi, ukikosa jina lako linaongezewa uzito mwaka unaofuata, kwa hiyo ndugu zetu walioko Erie na Lancaster wasiruke mwaka, kuruka kwao ni hasara. Kwetu hapa kila Januari tunaanza wote sifuri, aliyejaza mara 20 na aliyefika jana kutoka uwanja wa ndege. Wako wanaolalamika, wanasema si haki kwa waliosubiri. Mimi nauona uzuri wake, sisi ndio tuliofika jana. Kule kwenye pointi mgeni unakuta foleni ya wazee waliokusanya tangu kabla hujazaliwa.

Kitu kingine, ukipata mwaka mmoja basi miaka mitatu inayofuata huruhusiwi kuchaguliwa tena, unawapisha wengine.

Kuhusu kuwa mkazi: wageni wa nje ya jimbo hawapewi zaidi ya asilimia 10 ya vibali, na bei yao ya tagi ni kubwa mara kadhaa ya yetu. Mkazi kwa hesabu ya idara ni mtu ambaye nyumba yake ya kudumu iko hapa na amekaa angalau siku 30. Uraia hauulizwi hapo, grini kadi yako haikupunguzii kitu, wewe ni Mkentucky kwa hiyo droo. Ila yule shemeji yako wa Indiana ambaye umesema anataka kutumia anwani yako, mwambie hapana, na usimwonee aibu. Huko ni kudanganya serikali ili upate kibali, na mtu anayesubiri uraia hana sababu ya kuwa na kesi ya namna hiyo hata iwe ndogo.

Tufike kwenye bunduki, hapa nataka usome polepole. Sheria ya shirikisho haimkatazi mkimbizi aliyepokelewa rasmi wala mwenye grini kadi kumiliki au kushika bunduki. Inamkataza asiye na makaratasi kabisa, na inamkataza aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, isipokuwa huyo wa viza akiwa na leseni halali ya uwindaji, hapo ameachiwa nafasi. Mtu ambaye kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado haijaamuliwa, asishike bunduki ya mtu yeyote hata kwa dakika moja ya kupiga picha mpaka amezungumza na wakili wa uhamiaji, maana sheria haiulizi bunduki ni ya nani, inauliza ilikuwa mkononi mwa nani. Na hata wewe mwenye grini kadi kuna mambo yanakufunga: kesi kubwa ya jinai, kosa la kupiga mke au mtu wa nyumbani hata kama mahakama iliita kosa dogo, amri ya mahakama ya kukaa mbali na mtu, na matumizi ya bangi. Kwenye hili la bangi ndugu zetu wanadanganyika, unavuka daraja unaingia Ohio au Illinois unanunua dukani na risiti unapewa, lakini kwa sheria ya shirikisho bado ni kosa na mvutaji haruhusiwi bunduki.

Ukienda dukani kununua utapewa fomu namba 4473. Ndani kuna sehemu ya uraia. Weka alama kwenye nchi yako, andika namba yako ya mgeni ile inayoanza na A, usiweke Marekani eti kwa sababu muuzaji ana haraka na umeona ni rahisi. Kudai uraia ambao huna ni moja ya makosa mabaya kuliko yote kwa mhamiaji, mtu anaweza kuondolewa nchini kwa kisanduku kimoja. Kama Kiingereza cha fomu kinakusumbua omba muda, irudishe, nenda na mtoto wako mkubwa au mtu wa kanisani akusomee. Duka likikuharakisha toka nje, maduka ni mengi.

Na kama bado moyo hautulii, kuna upinde na krosboo. Hizo sheria ya shirikisho ya bunduki haizihesabu, kuna ndugu hapa Lexington wameamua hivyo hivyo wasubiri uraia wakiwa na krosboo na wanalala usingizi.

Umeniuliza pia kuhusu yule mtu anayejazia watu kwa malipo. Usimpe. Rafiki yangu mmoja alimpa mtu dola 60 amjazie droo zote yeye na vijana wake, akaambiwa tulia majibu yanakuja Mei, Mei ikafika, akafungua akaunti mwenyewe kwa simu ya binti yake, hakukuwa na ombi hata moja. Mtu hakujaza kitu. Kujaza ni dakika 15 na unabaki na uthibitisho kwenye imeli yako. Majibu yanatoka Mei, unayaangalia mwenyewe ndani ya akaunti. Akikupigia mtu simu kusema umeshinda elki tuma dola 200 haraka, kata simu. Vilevile ukiona mtu anauza tagi yake mtandaoni pita mbali.

Tuseme sasa Mei umefungua na umekuta jina lako. Mimi ilinitokea mara moja, jike kwa bunduki, niliingia chooni kazini kusoma tena nikiwa peke yangu maana sikuamini. Kuna tarehe ya mwisho ya kulipia kibali na ikipita umepoteza, kwa hiyo lipa mapema. Kwa mkazi imekuwa dola 60 jike na dola 100 dume, na juu yake unahitaji leseni ya mwaka ya uwindaji. Bei na tarehe zote hakikisha kwenye kitabu cha idara cha mwaka huohuo, kinapatikana bure, maana kanuni zinaguswa kila mwaka.

Halafu kozi. Yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 na amefika miaka 12 lazima awe na kadi ya mafunzo ya uwindaji akiwa porini. Unasoma onlaini kisha unakwenda siku ya uwanjani kupiga shabaha mbele ya mwalimu. Usisubiri upate tagi ndio utafute kozi, chukua sasa hivi wewe na kijana, kadi haiishi muda. Na kijana akiwa na bunduki lazima uwe naye karibu kiasi cha kuweza kuishika hiyo bunduki mara moja, hairuhusiwi umwache kilima kile wewe uko kilima hiki. Msimu wa bunduki mvae ile rangi ya chungwa inayowaka kichwani, kifuani na mgongoni, yaani ionekane kutoka pande zote.

Kitu kilichonisumbua mimi kuliko vyote ni ardhi, na hakuna aliyeniambia mapema. Ule ukanda wa elki unaonekana mkubwa kwenye ramani lakini sehemu kubwa ni ya watu binafsi na makampuni ya makaa na mbao. Tagi haikupi ruhusa ya kuingia shamba la mtu. Kuna mapori ya umma ya idara na kuna ardhi za makampuni zilizofunguliwa kwa makubaliano, hizo ndizo za kutafuta, na ukanda wote umegawanywa kwenye maeneo, waliopata wanaomba wapangiwe lipi, kwa hiyo kabla ya kuomba uwe umeshakwenda kuona. Kutoka Lexington mpaka Hazard ni kama saa mbili, kwako Louisville ongeza saa moja na zaidi. Nenda wikendi mbili tatu za Juni na Julai, tembea, ongea na watu wa dukani. Nilikuwa na hofu ya kuingia vijiji vile vya milimani na sura yangu hii, nisiseme uongo. Mzee mmoja mchimba makaa mstaafu aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Kivu, milimani, ng'ombe na migodi, akacheka akasema basi wewe ni mtu wa huku, akanichorea kwenye karatasi njia wanayopita elki kwenda kunywa maji. Ile karatasi ndiyo iliyonipa nyama.

Nyama yenyewe ipangie kabla ya kupiga. Jike mzima habebwi na watu wawili, utamkata vipande hapohapo, kwa hiyo uende na watu wasiopungua watatu, visu viwili vilivyonolewa, mifuko ya nguo ya kuwekea nyama ipumue, na makontena ya barafu kwenye gari. Elki ana manyoya mazito na mwili mkubwa, joto linabaki ndani, Septemba na Oktoba huku bado kuna joto, ukipiga asubuhi ukaanza kupiga picha na kupigia watu video mpaka saa nane mchana, paja linaharibika kwenye mfupa na wewe unacheka na simu. Toa matumbo mara moja, chuna ngozi, tenganisha. Siku hiyohiyo kabla ya usiku wa manane lazima uripoti kwa mfumo wa simu au mtandao wa idara, unapewa namba ya uthibitisho, iandike. Kuna pia ugonjwa wa kulungu na elki unaoharibu ubongo, uligunduliwa Kentucky kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2023 upande wa magharibi, kwa hiyo zipo kanuni za kutohamisha kichwa na uti wa mgongo kutoka sehemu fulani, uliza kabla ya kubeba mzoga kwenda nao mbali.

Na usiuze nyama. Hili naliweka peke yake sababu kwetu mwindaji akirudi anakata mafungu, kila fungu bei yake, na hakuna anayeona vibaya. Huku kuuza nyama ya mnyama wa porini ni kosa, hata kwa waumini wenzako, hata kwa bei ya kuchangia mafuta. Kugawa bure ruksa, kula na majirani ruksa, kupeleka kwa mpango wa kulisha wenye njaa ruksa. Ile yangu nilitoa kama kilo 60 za nyama tupu isiyo na mfupa, nikagawa nyumba saba, mama mmoja mzee kutoka Fizi akaikausha juu ya moto wa polepole kama tulivyokuwa tunafanya, akaipika na sombe, majani ya muhogo. Alisema tangu aondoke nyumbani ndio mara ya kwanza meno yake yanakutana na nyama yenye habari. Sijasahau.

Ukikosa, na uwezekano mkubwa utakosa, usikae bure. Kulungu wa mkia mweupe hawana droo ya namna hii, unanunua kibali unakwenda, na huyo ndiye mwalimu wako, ukishamtoa matumbo kulungu wanne watano hutababaika siku ya elki. Na kama kijana anataka kuwaona elki kwa macho kabla ya kuwawinda, Jenny Wiley, ile hifadhi ya jimbo iliyoko Prestonsburg, wana ziara za alfajiri za kwenda kuangalia elki wakati wa vuli na baridi. Nunua nafasi mbili, ya tatu mnunulie mama watoto. Vaeni nguo nzito, beba chai, ikifika saa moja asubuhi dume analia upande ule wa bonde atajibu mwingine upande huu, na mazungumzo yenu ya kamari mtayaendeleza hapo mkiwa mmekaa naye pembeni.

Swali la kozi kwa Kiswahili uliloliweka mwishoni: mtihani wenyewe utaufanya kwa Kiingereza, lakini mimi nakaa na watu jioni za Februari tunapitia kitabu kwa Kiswahili sura kwa sura, mlete kijana, na wewe uje hata ukiwa umetoka zamu.